Maswali ya Wasomaji: Je, Eru Amefungwa na Wimbo Wake Mwenyewe?

Mwezi uliopita niliandika hapa juu ya J.R.R. Tolkien, profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein, Afrika Kusini, mwaka 1892, akatumia karibu maisha yake yote kuitungia dunia isiyokuwapo lugha zake, ramani zake na masimulizi ya asili yake, ambamo Mungu Muumba huitwa Eru. Nilitarajia barua za kuulizia vita na majoka. Zilizonifikia ni tatu, zimetoka miji mitatu, na zote zinauliza neno moja: mambo yalikwisha kupangwa au la? Nazijibu zote leo. Naanza na iliyo fupi.

Swali: Gollum aliteleza au alisukumwa?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi na mwenzangu wa bwenini tumebishana wiki nzima. Mwisho wa safari ya Pete, Gollum anatumbukia motoni na Pete mkononi. Mimi nasema aliteleza tu. Mwenzangu anasema Mungu wa hadithi alimsukuma. Tuamulie. – Mwanafunzi, Dodoma*

Marahaba. Kwa wasiosoma *The Lord of the Rings*: Frodo amebeba Pete, chombo cha uovu kinachopaswa kuangamizwa, mpaka kwenye ufa wa moto ndani ya mlima wa Mordor, nchi ya adui. Kazi iliyobaki ni kuitupa tu, na hapo hapo anashindwa, anaivaa. Gollum, aliyewahi kuimiliki Pete na bado anaitamani, anamrukia, anakikata kidole kwa meno pamoja na Pete, anacheza kwa furaha ukingoni, anakanyaga hewa.

Mwaka 1956 Tolkien aliandika katika barua kwamba Frodo alikwisha kufika mwisho wa nguvu zake, na kuanzia hapo Mwandishi wa Hadithi ndiye aliyeshika kazi. Akaongeza kwamba kwa kusema hivyo hakujikusudia yeye mwenyewe. Basi mwenzako ana hoja.

Lakini jiulizeni Mwandishi huyo alishika kazi kwa kutumia nini. Bilbo, aliyekuwa na Pete kabla ya Frodo, alikuwa na upanga mkononi gizani, akamwonea Gollum huruma, akamruka, akaenda zake. Frodo naye alimhurumia. Sam, mwenzake Frodo safarini, ambaye hakumpenda hata kidogo, alimwacha hai pale mlimani, muda mfupi tu kabla ya yote kwisha. Mmoja wao angelikata shingo ile, pasingekuwa na wa kuteleza siku ile. Mkono wa mbinguni, kama upo, ulikuta kitu cha kushika kwa sababu watu watatu walikataa kuua walipoweza. Hakuna aliyewalazimisha.

Swali: Kama yote yaliimbwa, Eru ana uhuru gani?

*Shikamoo Mwalimu. Mimi ni fundi cherehani, Tanga. Kaka yangu aliniachia kitabu cha Tolkien kiitwacho The Silmarillion. Alifariki mwaka jana kwa ajali ya pikipiki. Msibani kila aliyenishika mkono aliniambia imeshapangwa, nyamaza, imeshapangwa. Nilipokifungua kitabu nikakuta kaka amepiga mstari kwa penseli pale Eru anapomwambia Melkor kwamba hakuna wimbo unaoweza kuimbwa ambao chanzo chake cha mwisho hakimo ndani yake Eru. Pembeni ameweka alama ya kuuliza. Nami nauliza alichokiuliza yeye. Kama kila kitu kiliimbwa kabla ya dunia, Eru mwenyewe amebakiwa na uhuru gani? Na kama yuko huru, kwa nini hakumnyamazisha Melkor? – Msomaji, Tanga*

Marahaba, mwanangu, na pole sana. Barua yako niliisoma, nikaiweka mezani, nikaenda kuitoa nakala yangu rafuni, maana sikutaka kukujibu kwa kumbukumbu. Kuhusu msiba, viongozi wa dini yako wana maneno yao na mimi sitawaingilia. Nitakujibu juu ya kitabu. Ndicho ulichoniuliza, na nadhani kaka yako aliyeweka ile alama alitaka ijibiwe kwa uzito wake.

Niwapitishe haraka wasioijua habari. Katika dunia ya Tolkien kuna Mmoja, Eru, ambaye pia huitwa Ilúvatar. Kabla ya chochote kuwapo, anawaumba roho wakuu waitwao Ainur kutokana na mawazo yake, anawapa wimbo, anawataka waupambe kila mmoja kwa fikra zake. Wanaimba. Mkubwa wao kwa vipaji, Melkor, anaanza kuingiza sauti yake ili jina lake likuzwe. Waliomkaribia wanababaika, wengine wanamfuata. Eru anasimama akitabasamu, anainua mkono wa kushoto, na wimbo mpya unaanza. Melkor anauvuruga nao. Eru anasimama tena, safari hii uso umekaza, anainua mkono wa kulia. Unaanza wimbo wa tatu, mpole sana mwanzoni, wa huzuni isiyopimika, na uzuri wake unatoka humo humo katika huzuni. Mara ya tatu anasimama na uso wake unatisha. Anainua mikono yote miwili, na kwa sauti moja iliyopita kina cha shimo na kimo cha anga, muziki unakoma.

Sasa mwanangu, hapa ndipo wengi tunapokosea, na mimi nilikosea miaka mingi. Tunasoma Muziki ule kana kwamba ni amri ya Eru, daftari la mambo yatakayotokea. Soma tena polepole. Walioimba ni Ainur. Eru alitoa wimbo, ila mapambo, vionjo na makosa ni yao. Tena Muziki haukuwa dunia. Baada yake Eru anawaonyesha maono ya kile walichokiimba, halafu anayaondoa maono hayo kabla hayajafika mwisho. Ndipo anapotamka neno moja, *Eä*, yaani iwe, na dunia inakuwapo. Ainur walioteremka kuingia ndani yake walishtuka kukuta hakuna kilichofanyika bado. Milima waliyoiona kwenye maono haikuwapo. Ilibidi waanze kazi kwa mikono yao, gizani.

Basi kama kuna kudura katika hadithi hii, kudura hiyo ni ushirika wa viumbe walioimba. Eru hakuwa mmoja wa waimbaji, naye hafungwi na sauti za waimbaji. Tolkien anasema waziwazi kwamba kuna mambo ambayo Ainur hawayaoni, wawe peke yao au wote pamoja, kwa sababu Eru hakumfunulia yeyote yote aliyoyaweka akiba. Ndiyo maana katika kila zama hutokea mapya yasiyotabirika, kwa kuwa hayatokani na yaliyopita. Na wanadamu na Eldar, wale wazaliwa wa kwanza wasiokufa kwa uzee, walikuja na wimbo wa tatu. Hakuna hata mmoja kati ya Ainur aliyeshiriki kuwabuni.

Kuhusu swali la kumnyamazisha Melkor, niruhusu nikuambie jambo lililonipata.

Niliongoza kwaya miaka 14. Jumamosi moja tulikuwa kwenye mazoezi ya Pasaka, wimbo wa sauti nne, na katika besi tulikuwa na mzee ambaye masikio yalianza kumchoka. Kila tulipofika kwenye kituo, kwaya nzima inanyamaza na yeye anaendelea kushikilia nota yake, *do* ya chini, nene kama ngoma, peke yake. Vijana wa sauti ya tatu walianza kuchekeana. Nilikuwa na njia nyepesi, kumwambia Mzee, leo kaa usikilize. Nikamtazama. Alikuwa amefumba macho, anaimba kwa moyo wote. Nikawaashiria sauti ya kwanza wasikate, wapande taratibu juu ya ile *do*. Nikawaambia sauti ya pili wateremke kuikuta. Tulirudia mara nne au tano. Mara ya mwisho hakuna aliyecheka. Pasaka tuliuimba hivyo, na kwenye daftari langu la nota mpaka leo mstari ule una wino wa rangi nyingine.

Sikupoteza uhuru wangu wa kuongoza kwa sababu mtu mmoja aliimba pasipo pake. Siku ile nilikuwa huru kuliko siku zote nilizosimama mbele ya kwaya. Najua mfano huu una upungufu. Mzee wetu hakuwa na kiburi, na Melkor alikuwa nacho. Mimi si muumba wa mtu. Lakini nenda kaangalie jinsi Tolkien anavyoeleza nyimbo mbili za mwisho zilivyopambana. Wa Melkor ulikuwa wa makelele, wa kujirudia, kama tarumbeta nyingi zinazopiga nota chache. Ulijaribu kuuzamisha mwingine kwa ukali wa sauti, na kila nota yake ya kujitapa ilichukuliwa na ule mwingine ikafumwa ndani ya utaratibu wake. Mstari alioupigia penseli kaka yako unakuja baada ya hapo. Eru hasemi kwamba uovu wa Melkor ndio alioutaka yeye. Anasema Melkor ataona mwisho wake kwamba hakuweza kuumba kitu kilicho nje ya uwezo wa Eru kukifanya chombo cha jambo la ajabu zaidi.

Na mfano unatolewa papo hapo. Ulmo, Ainu wa maji, anaonyeshwa jinsi baridi kali ya Melkor ilivyoshindwa kuyaua maji yake na badala yake ikazaa theluji, na jinsi moto wake ulivyozaa mawingu na ukungu. Ulmo anakiri kwamba maji yamekuwa mazuri kuliko moyo wake ulivyowahi kuwaza. Sisemi kwamba theluji inamfuta Melkor deni lake. Nasema Eru hakuhitaji kunyamaza wala kunyamazisha ili abaki kuwa Eru.

Kisa ninachokipenda kupita vyote ni cha Aulë, Ainu fundi. Wewe fundi cherehani utamwelewa. Alichoka kungoja viumbe wa Eru watokee, akatamani kuwa na wanafunzi wa kuwafundisha kazi. Akajificha chini ya milima akawafinyanga watu wafupi, wagumu, saba, mababu wa taifa la watu wafupi liitwalo Khazâd. Eru akamkuta. Hakumpigia kelele. Alimuuliza tu kwa nini anajaribu jambo lililo nje ya uwezo wake, maana viumbe wale hawana maisha yao wenyewe: watatembea Aulë anapowaza watembee, na akili yake ikienda kwingine watasimama kama magogo. Aulë akaomba radhi, akasema yeye alitaka wengine wa kuwapenda na kuwafundisha, na kwamba aliiga tu kazi ya baba kama mtoto anavyoiga. Akamtolea Eru vyote alivyotengeneza. Kisha akachukua nyundo kubwa, analia, akaiinua juu ya vichwa vyao avivunje.

Wale watu wafupi wakajikunyata. Wakainamisha vichwa, wakaogopa, wakaomba huruma.

Eru akamzuia Aulë mkono. Akamwambia sadaka yako nimeipokea tangu ulipoitoa. Huoni kwamba sasa wana uhai wao? Wasingekuwa nao, wasingeikwepa nyundo.

Nimefundisha fasihi kwa muda mrefu na sijaona pengine ambapo hiari imeonyeshwa kwa kitu kidogo namna hii: bega linalojikunja. Kikaragosi hakijikunji. Mungu ambaye anataka mpango wake tu na si kingine, watu wanaojikunja wa nini kwake? Eru alikuta kitu ambacho hakukitia katika wimbo wake, kimeanzishwa kwa pupa na mtumishi wake, akakipa uhai na mahali pa kuishi, kwa sharti moja, kwamba walale mpaka wazaliwa wa kwanza waamke. Huyo hajafungwa na wimbo. Na ukifika kwenye habari ya kisiwa cha Númenor, wakati watawala wa dunia wanaweka chini mamlaka yao na Eru mwenyewe anaibadili dunia iliyokuwa bapa kuwa mviringo, utaona tena.

Sasa neno juu ya sisi wanadamu. Tolkien anasema Eru aliwapa wanadamu uwezo wa kuyaumba maisha yao, katikati ya nguvu na bahati za dunia, kupita Muziki wa Ainur, ambao kwa vitu vingine vyote ni kama kudura. Na pamoja na uhuru huo akawapa jambo ambalo Eldar hawana: kufa, kuondoka kabisa duniani kwenda Eldar wasikokujua. Anakiita kifo zawadi, zawadi iliyotiwa giza na Melkor mpaka ikaogopwa.

Najua zawadi ni neno zito kulisoma ukiwa na msiba. Nilipolisoma nami nilikuwa nimefiwa, nikakifunga kitabu. Nikakifungua tena miezi kadhaa baadaye, na kilichonirudisha ni Kiswahili chetu. Tazama maneno tuliyonayo. *Ajali* ndilo neno uliloandika juu ya pikipiki, na watu wengi leo hawalijui kwa maana nyingine. Lakini maana yake ya zamani, ile ya Kiarabu, ni muda uliowekwa, saa ya mtu kuondoka. Ndiyo maana wazee husema ajali haina kinga. Neno moja limebeba tukio lisilotarajiwa na saa iliyopangwa. Halafu tuna *majaliwa*, ambalo linatoka kwenye kujaliwa, yaani kupewa na Mungu kwa wema. Tukijaliwa, tunasema, tukimaanisha tukipewa, na papo hapo tukimaanisha kwamba hatujui. Tolkien naye alilipalilia jambo hili kwa lugha aliyoitunga. Katika andiko lake la uzeeni, lililochapishwa mwaka 2009, anaeleza kwamba *umbar*, kudura, na *ambar*, dunia, vinatoka kwenye mzizi mmoja, wa kuweka na kuimarisha. Kudura kwa Eldar, anasema, ni huo mtandao wa hali na matukio ya dunia ilivyowekwa. Mtu mwenye hiari huutumia mtandao huo au huuacha. Barabara ipo, kona ipo, mvua imenyesha. Hayo ni *umbar*. Atakayekunja kona na anayetoka mbele yake hawamo kwa namna hiyo.

Kwa hiyo waliokuambia imeshapangwa, kwa kipimo cha kitabu hiki, wamesema zaidi ya anachosema Tolkien. Eru wa Tolkien hakukaa kabla ya dunia akaandika jina la kaka yako kwenye kona ile.

Na usidhani ndani ya dunia ile hakuna anayelalamika. Tafuta mazungumzo ya Finrod na Andreth, yaliyochapishwa mwaka 1993, miaka 20 baada ya Tolkien kufariki. Andreth ni mwanamke wa kibinadamu, mwenye hekima, amezeeka. Finrod ni mfalme wa Eldar, hazeeki. Andreth alimpenda ndugu wa Finrod, na mapenzi yale hayakuwa na njia. Finrod anamwambia kifo ni zawadi. Andreth anakataa usoni pake. Anasema watu wake wanaamini hawakuumbwa ili wafe, kwamba tulijeruhiwa. Finrod hamkemei. Anamsikiliza, na kadiri anavyomsikiliza ndivyo anavyoanza kubadilika. Anamweleza tofauti ya matumaini mawili: lile la kukadiria kwa yale unayoyaona, na *estel*, imani isiyotegemea unayoyaona, inayotokana na kwamba sisi ni watoto wa Mmoja. Andreth, kwa shingo upande, anamtajia fununu ya zamani ya watu wake kwamba siku moja Eru mwenyewe ataingia ndani ya dunia aiponye. Yeye haoni itawezekanaje. Msimulizi anawezaje kuingia ndani ya ngano yake? Finrod anamjibu kwamba Eru yumo tayari, na yuko nje pia, ila si kwa namna moja.

Tolkien alikuwa Mkatoliki, aliyeingizwa katika imani hiyo na mama yake, na mama huyo akafariki mwaka 1904, mtoto akiwa na miaka 12. Nikisoma maneno ya Andreth huwa nalikumbuka hilo. Aliyeyaandika alijua kuuliza.

Naomba unifanyie jambo moja. Fungua sura ya Aulë uangalie kama penseli ya kaka yako imefika hapo. Kisha niandikie.

Swali: Túrin alikuwa na hiari?

*Habari Mwalimu. Naandika tamthilia, Nairobi. Umetusifia zawadi ya wanadamu, kwamba wako nje ya kudura. Basi Túrin je? Morgoth analaani familia ya Húrin, na kila alichogusa Túrin kinaharibika mpaka anamwoa dada yake bila kumjua. Kama Morgoth aliweza kumfunga binadamu hivyo, zawadi ya Eru ina maana gani? – Msomaji, Nairobi*

Njema. Morgoth ndiye yule Melkor, kwa jina la baadaye. Húrin ni shujaa wa kibinadamu aliyempinga, na Túrin na Nienor ni watoto wake. Hili ndilo swali gumu kuliko yote ya leo.

Chanzo chake unakijua kama unaandika tamthilia. Ni Kullervo wa *Kalevala*, utenzi wa Wafini uliokusanywa na Elias Lönnrot, toleo kamili mwaka 1849. Tolkien alianza kukisimulia upya kisa hicho akiwa bado kijana wa chuo, mwaka 1914. Kullervo naye anamharibu dada yake asimjue, naye anauliza upanga wake kama uko tayari kumla. Lakini katika *Kalevala* hakuna Morgoth aliyeketi juu ya kilele akidai yeye ndiye bwana wa kudura za dunia. Hilo Tolkien aliliongeza, na aliliongeza ili Húrin alikanushe. Húrin, akiwa mateka, anamwambia usoni: wewe umeumbwa, si bwana wa wanadamu, na nje ya mipaka ya dunia hutatufuata. Morgoth anamfunga kwenye kiti cha jiwe ayatazame maisha ya watoto wake kwa macho ya Morgoth mwenyewe. Kumbuka maneno hayo, ya macho ya Morgoth.

Sasa mfuate Túrin mlango kwa mlango. Kwa Mfalme Thingol, aliyemlea, anamkimbiza mtu aliyemtukana mama yake na watu wake, mtu yule anaanguka gengeni anakufa. Anakimbia bila kungoja hukumu. Mfalme anasikia ushahidi, anamsamehe, rafiki yake Beleg anamfuata porini na msamaha ule mkononi. Túrin anaukataa kwa kiburi. Kisha Nargothrond, mji uliofichwa kando ya mto Narog, uliosalimika kwa sababu ya kufichwa. Túrin anamshawishi mfalme wajenge daraja kubwa mlangoni, ili majeshi yatoke haraka. Wajumbe wawili wanakuja na neno la Ulmo: fungeni milango, yatupeni mawe ya kiburi chenu mtoni. Túrin anakataa. Joka Glaurung alipofika, hakuhitaji kuogelea. Alipita juu ya daraja.

Laana haikulijenga daraja lile. Huo ni mtandao niliousema kwenye jibu la Tanga: Morgoth anaweza kutuma joka, kueneza uongo, kupotosha habari, kuziba njia hii na kuacha ile. Alifanya yote hayo. Lakini kila mara kabla ya balaa kuna mtu anasimama mbele ya Túrin akiwa na neno jema, na kila mara anafukuzwa. Ulmo hamtumii mjumbe mtu asiyeweza kusikia. Túrin alijiita Turambar, bwana wa kudura, na nadhani kosa lake lilikuwemo katika jina lile: alidhani uhuru ni kuishinda kudura kwa nguvu, wakati uhuru aliopewa ulikuwa mdogo na wa karibu, kama kurudi nyumbani na Beleg, au kuvunja daraja.

Hapo naisimamisha hoja yangu, kwa sababu ya Nienor. Dada yake yule alifutwa kumbukumbu zote na joka, mpaka jina lake. Alikutwa msituni kama mtoto mchanga mwenye mwili wa mtu mzima. Mlango wake yeye ulikuwa wapi? Nimemtafutia miaka mingi, sijauona. Kumlaumu siwezi, na kusema Eru alimtaka aangamie vile siwezi pia. Ukiandika tamthilia yako usimpe Nienor hotuba ya kueleza. Tolkien hakumpa. Alimpa ukingo wa genge, na jina la kaka yake alilolitaja kabla ya kwenda kuruka.

Kama unatafuta onyesho la mwisho, ninalo. Morgoth anamwachia Húrin baada ya miaka 28. Anakwenda mpaka kwenye jiwe lililosimamishwa pale gengeni, lenye jina la Túrin na chini yake la Nienor. Mwanamke mwenye mvi ameketi kivulini mwake. Ni Morwen, mkewe. Anamwambia umekuja hatimaye, nimengoja mno. Anamwambia umechelewa, wamepotea. Húrin anasema najua. Morwen, ambaye jua linamzamia, anasema kama unajua, niambie: alimpataje?

Húrin hamjibu. Wanakaa pamoja kando ya jiwe bila kusema tena, na jua lilipokwisha kuzama Morwen alishusha pumzi, akamshika mkono, akatulia.